Mama Akivunjika Nyonga, Asiachwe Kitandani

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za jioni.

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Dokta, mama kateleza chooni usiku, kavunjika kiuno." Huwa naomba wautazame mguu. Wakiniambia umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, naelewa kwamba kiuno huenda ni kizima. Fupa la paja ndilo limevunjika, kule juu kwenye nyonga.

Nilipokuwa daktari mchanga, wodini kwetu alilazwa bibi aliyefungwa kamba mguuni na kuning'inizwa uzito, asubiri mfupa uunge wenyewe. Wiki ya pili akatoka kidonda juu ya makalio. Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Ya tano hakuwatambua wajukuu zake. Alifariki kwa nimonia, na picha yake ya mwisho ya eksirei ilionyesha mfupa unaanza kuunga. Sijamsahau. Tangu hapo, mtu akiniambia "mzee huyu kazeeka mno, hawezi operesheni", namuuliza kama wiki sita za kulala chali ataziweza.

Tunafanya nini huko ndani? Inategemea pamevunjika wapi. Mishipa ya damu inayolisha kichwa cha fupa la paja, yaani ile tufe ya juu, hupanda kwa kuambaa na shingo ya mfupa, ile sehemu nyembamba iliyo chini ya kichwa. Shingo ikikatika na kuhama, mishipa nayo huchanika, na kichwa chaweza kufa hata skrubu zikikaa vizuri. Ndiyo maana kwa mzee mara nyingi tunakitoa na kuweka cha chuma.

Pakivunjika chini ya shingo, damu ipo ya kutosha. Shida ni kuushika mfupa uliokuwa laini. Hapo tunapitisha fimbo ya chuma ndani ya paja, au tunafunga pleti yenye skrubu nene inayoingia kwenye kichwa cha mfupa. Skrubu hiyo huteleza ndani ya bomba fupi la pleti: mama akikanyaga, vipande vya mfupa hugandamizana. Kukanyaga kwenyewe kunasaidia kuunga! Ila ncha yake lazima ikae ndani sana, katikati ya kichwa. Mwaka 1995 Baumgaertner na wenzake wa Marekani waliujumlisha umbali wa ncha hiyo hadi kileleni mwa kichwa katika picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Palipokuwa na milimita 25 au pungufu, hakuna skrubu iliyotoboa ikatoka.

Kuhusu muda, mwongozo wa Uingereza wa 2011 unataka operesheni ifanyike siku ya kulazwa au kesho yake. Sidai kwamba kila saa moja ni roho ya mtu. Utafiti mkubwa wa 2020, wa wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17, ulilinganisha kusubiri operesheni kwa saa 6 na kusubiri kwa saa 24. Vifo havikutofautiana sana, ila waliowahi hawakuchanganyikiwa akili kwa wingi kama wenzao. Lakini hapo tunabishana saa, ndugu zangu. Kwetu mzee husubiri wiki, familia ikichangishana.

Ganzi ya mgongoni humtosha mara nyingi, bila nusu kaputi. Na asubuhi ya pili tunamsimamisha kwa wokaa, hata kwa dakika moja. Basi mkija kumwona, mleteeni viatu vinavyofunga kisigino. Ndala ziacheni nyumbani.