Sare ya Kujitolea na Mlango wa Duka la Jeshi

Wazee wetu, shikamooni. Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaotaka kujiunga, nawasalimu wote.

Nimeombwa kuzungumzia Civil Air Patrol, kikosi cha raia wanaojitolea kulisaidia Jeshi la Anga la Marekani. Kila ninapolieleza jambo hili mbele ya jamaa zetu tunaoishi huku Marekani, swali la kwanza huwa si la ndege wala la kutafuta waliopotea. Huwa ni hili: mtoto akishavaa sare ile, je, nasi nyumbani tutaruhusiwa kununua vitu katika duka la jeshi? Ni swali la haki kabisa. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo duka la jeshi maana yake ni bei nafuu, na waliotoka Tanzania wanakumbuka jinsi maduka ya jeshi yenye msamaha wa kodi yalivyofutwa mwaka 2016, askari wakapewa posho badala yake.

Jibu ni hapana, na naomba mnivumilie nieleze sababu yake, kwa kuwa ndiyo inayoeleza pia sare yenyewe.

Maduka ya jeshi la nchi kavu na la anga yalianzishwa kwa amri ya mwaka 1895 ili askari aliye kambini apate mahitaji yake kwa bei ya haki. Mnunuzi hatozwi kodi ya mauzo, na faida hurudi katika michezo, burudani na huduma nyingine za askari na familia zao. Duka la vyakula la kambini ni jingine, nalo lina bei nafuu; hadi mwaka 2017 liliuza kwa bei ya kununulia na kuongeza asilimia 5 tu. Punguzo hilo ni sehemu ya ujira wa mtu aliyekula kiapo, anayeweza kuhamishwa au kupelekwa vitani bila kuulizwa kama ana nafasi. Sisi tunaojitolea hatukula kiapo hicho, na jioni tunarudi nyumbani kwetu.

Kwa kawaida tulichoruhusiwa ni vifaa vya sare, na hata hapo kadi yetu ya uanachama si kitambulisho cha kijeshi: mlinzi wa lango anaweza kukurudisha, kwa sababu mkuu wa kambi ndiye mwenye uamuzi. Mwaka wangu wa kwanza niliweka kaunta shati la bluu, mkanda, na chupa ya manukato niliyotaka kumpelekea mke wangu. Mama aliyekuwa kwenye kaunta aliitazama kadi yangu, akalisogeza shati upande wake, akausogeza na mkanda, kisha akaisukuma ile chupa taratibu kuelekea kwangu. Uso ulinipamba moto. Leo naona alifanya kazi yake kwa heshima, wala sina kinyongo.

Sasa tuitazame sare. Civil Air Patrol ilianzishwa tarehe 1 Desemba 1941, siku chache kabla ya shambulio la Wajapani la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, na marubani raia walilinda pwani dhidi ya nyambizi za Kijerumani kwa ndege zao wenyewe. Tangu siku hizo walivaa sare ya jeshi, lakini mabegani waliwekewa rangi nyekundu ili wasichanganywe na askari. Mwaka 1990 ikaletwa rangi ya damu ya mzee, na baadaye kijivu tunachovaa leo, chenye herufi CAP. Wako wenzangu waliolalamikia mabadiliko hayo kana kwamba wamevuliwa cheo. Mimi nasema alama ile ni ya ukweli: inamwambia askari aliye mbele yangu kwamba mimi ni raia niliyekuja kusaidia, asinidhanie kuwa na mamlaka nisiyopewa. Wasaidizi wa walinzi wa pwani nao wanaijua hali hii, maana maofisa wa walinzi hao, yaani Coast Guard, wana mistari ya dhahabu kwenye mikono ya sare, na wasaidizi wanayo ya rangi ya fedha.

Mtu mzima anayevaa sare ya mtindo wa Jeshi la Anga lazima pia atimize masharti ya uzito na ya unadhifu. Asiyeyatimiza huvaa sare nyingine ya kikosi, na kazi yake haipungui hata chembe.

Linaloniumiza mimi si manukato, ni gharama. Mwanachama hujinunulia sare mwenyewe. Kadeti mpya, ambao huanza wakiwa na miaka 12, wana mpango unaofadhiliwa na Jeshi la Anga wa kuwasaidia kupata sare ya kwanza ya bluu, lakini mtoto wa umri huo hukua, na suruali iliyomtosha Januari humwacha vifundo nje kabla mwaka haujaisha. Mzazi mwenye watoto watatu na kazi ya zamu hawezi kukimbizana nayo. Ndiyo maana kikosini kwetu tuna kabati. Kadeti aliyekua huleta shati lililofuliwa na kupigwa pasi, kitambaa cha jina kikiwa kimefumuliwa, na juu ya mfuko bado huonekana vitundu vya sindano. Wazazi, msiingie dukani kwanza. Njoni Jumanne, tulifungue kabati hilo, watoto wajaribu.