"Niko sawa": maneno mawili yanayoua madai ya dereva

Haya jamani tukae, walioko huko nyuma sogeeni mbele kidogo manake viti vipo na mimi sauti yangu si ya mhubiri. Nimeambiwa nisizidishe saa moja, ntajitahidi.

Kabla hamjaulizana huyu ni nani: mimi nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza. Kazi yangu ilikuwa kusoma madai ya fidia ya madereva wa malori walioumia kazini, na nisiwadanganye, nilikuwa nalipwa kutafuta tundu la kukatalia. Kampuni siitaji. Siku hizi niko upande wenu, na faida yangu kubwa ni moja tu, najua matundu yanakaa wapi.

Tundu ninaloanza nalo ni meseji. Dereva kafika yadi usiku, anashuka kwenye kabini, ngazi ina grisi, mguu unateleza anatua na kiuno. Anakaa chini kidogo, anainuka, anajipangusa. Simu inaita, msimamizi wa safari anauliza vipi umefika, naye anaandika "nimefika bosi nimeteleza kidogo ila niko sawa". Basi. Siku 9 baadaye mguu wa kushoto una ganzi hawezi kukanyaga klachi, daktari anasema kuna mfupa laini wa uti wa mgongo umetoka mahali pake unabana mshipa wa fahamu. Madai yanafika mezani kwangu, na mimi sikuanza na ripoti ya daktari, nilianza na ile meseji. Niliichapisha nikaibandika ukurasa wa kwanza wa faili. Mwenyewe kasema yuko sawa, sasa huu ugonjwa katoa wapi hizo siku 9? Pengine alibeba gunia nyumbani? Pengine alicheza mpira? Sina haja ya kuthibitisha kwamba alicheza mpira, mnaelewa? Mi nahitaji tu ile "pengine" ikae pale.

Na yule dereva hakudanganya, hapo ndo panaponiuma. Mwili ukipata mshtuko unamwaga homoni zinazoficha maumivu kwa muda, uvimbe unakuja baadaye, kichwa kikigongwa unaweza ukaongea vizuri kabisa halafu kesho yake ukaanza kutapika na kusahau mambo. Kwa hiyo ukisema "niko sawa" dakika ya 5 unakuwa umetoa taarifa ya kitabibu ambayo hata daktari asingethubutu kuitoa. Sema kilichotokea na unachokihisi, basi. "Nimeteleza kwenye ngazi ya kabini saa 4 usiku, nimeangukia kiuno, sijajua hali yangu ikoje." Hiyo meseji ingekuwepo kwenye lile faili mimi ningelipa, nawaambia kweli, nisingekuwa na pa kushika.

Sasa watu wakisikia dereva kaumia kazini wanawaza ajali barabarani. Ajali ya barabarani kwa upande wa ushahidi ni afadhali, polisi wanakuja, watu wanapiga picha, gari limeharibika linaonekana. Madai yanayokataliwa kirahisi ni yale ya kimya kimya: kushuka kabini, kupanda juu ya mzigo kufunga turubai, kukaza mikanda ikakatika ghafla ukaenda chali, kuvuta pini ya kuachia tela imekwama ukasikia bega limelia "tak", kuzungusha mkono wa kushusha miguu ya tela, kufungua mlango wa kontena kumbe mzigo umeuegemea. Saa 9 usiku, hakuna mtu, hakuna kamera, uko wewe na lori. Halafu unaendelea na safari kwa sababu mzigo una muda wake, na kila kilomita unayoendesha baada ya hapo mtu kama mimi anaihesabu: kama aliumia kweli mbona aliendesha kilomita 600?

(Jibu la hilo swali mnalo nyie, ni kwamba ungeacha lori wapi? Lakini jibu lazima liandikwe siku ileile, ukilitoa miezi 6 baadaye linasikika kama kisingizio.)

Kitu kingine kinachowafunga madereva midomo ni aibu. Mtu anasema ah, kosa langu mwenyewe, sikushika chuma vizuri, nikiripoti wataniambia mzembe. Hapa nirudi nyuma kidogo kwenye historia, vumilieni. Mwaka 1837 huko Uingereza kulikuwa na kesi ya kijana anaitwa Priestley, alikuwa anafanya kazi kwa mchinjaji wa nyama anaitwa Fowler. Gari la farasi la kubebea nyama likapakiwa kupita kiasi, likavunjika, kijana akavunjika paja. Jopo la wananchi likasema alipwe pauni 100. Likaenda kwa majaji wa juu, wakatengua. Na sababu mojawapo, sikilizeni vizuri nyie watu wa malori, ni kwamba kijana mwenyewe alikuwa na nafasi ya kujua gari limezidiwa sawa na tajiri yake au hata kumzidi, na angeweza kukataa kupanda. Yaani tajiri kapakia, gari limevunjika, kosa la aliyepanda! Nikisoma ile hukumu nasikia kabisa sauti za mameneja ninaowafahamu.

Ikakaa hivyo miaka mingi, ukiumia lazima uthibitishe kosa la tajiri, na maskini atathibitisha nini. Ujerumani ndo walivunja huo mwiko 1884 na bima ya ajali kazini, Uingereza wakafuata 1897, na ile sheria ya 1897 ilianza na kazi za reli, viwanda, migodi na mfano wa hizo, ikabidi ije nyingine ya 1906 kupanua ifike karibu kila kazi. Shirika la Kazi Duniani nalo likatoa mkataba wa fidia ya ajali kazini 1925, na mwingine mpana zaidi 1964. Msingi wa mfumo huo ni mapatano: mfanyakazi haulizwi kosa ni la nani, analipwa kwa sababu aliumia akiwa kazini, na kwenye nchi nyingi upande wake wa kulipia ni kwamba hamshtaki mwajiri mahakamani kudai zaidi. Kwa hiyo pale ambapo mfumo huo unatumika, ile "kosa langu mwenyewe" unayoionea aibu haina uzito unaoudhania. Kuna vitu vinavyoweza kukutoa, ulevi, kujiumiza makusudi, hivyo sheria nyingi zinavitaja. Kuteleza kwenye grisi hakumo. Kinachokutoa ni kuchelewa kusema.

Tukija kwenye muda, kila nchi ina hesabu yake na wengi huwa mnachanganya mida mitatu tofauti. Kuna muda wako wewe kumwambia mwajiri, kuna muda wa mwajiri kuiambia serikali, na kuna muda wa kufungua dai lenyewe. Mfano New York, mfanyakazi ana siku 30 kumjulisha mwajiri kwa maandishi na miaka 2 kufungua dai. Kwa upande wa waajiri Marekani, sheria ya usalama kazini ya taifa inataka kifo kiripotiwe ndani ya saa 8, na kulazwa hospitali au kukatika kiungo ndani ya saa 24. Uingereza mwajiri akiwa na mtu aliyeshindwa kazi zaidi ya siku 7 anatakiwa aripoti ndani ya siku 15. Nimetaja hizo mwone tofauti, msije mkazikariri kama zenu, zenu kaulizeni ofisi ya kazi huko mnakoajiriwa. Na kwa dereva wa masafa swali lenyewe lina mkia: umeajiriwa nchi moja, lori limesajiliwa nyingine, umeumia ya tatu, sheria ipi? Mara nyingi wanaangalia mkataba ulifungiwa wapi, kazi yako makao yake ni wapi, na ajali imetokea wapi, na wakati wanabishana hapo siku zako zinahesabika tu. Ripoti kwanza kwa mwajiri, mambo ya mipaka yatakuja.

Kuna mkono huko nyuma. ... Anasema yeye akiripoti anafukuzwa, na kampuni yao ina bonasi ya timu ikimaliza miezi bila ajali, kwa hiyo ukiripoti wenzako wote wanakukasirikia. Ndugu yangu, hiyo bonasi naijua, nimekaa kwenye vikao inapopangwa. Kwenye karatasi ni ya usalama, kazi yake halisi ni kufanya watu wafiche. Siwezi kukuambia hutafukuzwa, ningekuwa mwongo. Nachoweza kukuambia ni kwamba sehemu nyingi sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu kadai fidia, na ili uitumie hiyo sheria lazima uonyeshe kipi kilitangulia: taarifa yako ya ajali ilikuwa na tarehe gani na barua ya kufukuzwa ina tarehe gani. Aliyesema kwa mdomo tu hana tarehe. Mwambie bosi kwa mdomo sawa, halafu hapohapo mtumie meseji, "kama nilivyokuambia sasa hivi kwenye simu...". Piga picha ya skrini, itume kwa mtu wa nyumbani kwako. Simu za kampuni zinarudishwa ofisini na kila kitu chako ndani.

Hospitali sasa. Hapa ndo wengi wanapotelea na hawajui. Nesi anauliza tatizo nini, unajibu "mgongo unanisumbua", anaandika: maumivu ya mgongo. Umekwisha. Hakuna kazi hapo, hakuna lori, hakuna tarehe. Sema: nimeanguka kazini siku fulani nikishuka kwenye lori. Halafu mwombe aandike, usione haya. Na akiuliza kama uliwahi kuumwa mgongo, sema ukweli! Dereva aliyeendesha miaka 15 kwenye mtikisiko mgongo wake hauwezi kuwa wa mtoto, sisi tulijua hivyo, na tulikuwa tunawaombea mseme hapana ili tutoe cheti cha zamani tuwaite waongo. Ugonjwa wa zamani uliozidishwa na ajali ya kazini unafidiwa kwenye sheria nyingi tu, angalau kwa kile kilichoongezeka, ila uongo ukishakamatwa hata ukweli wako mwingine hauaminiki tena.

Kamera za lori na mashine za kurekodi mwendo zina kumbukumbu inayojifuta, nyingine baada ya siku chache tu. Andika mapema kuomba wazitunze. Wakikaa kimya zikafutika, ile barua yako inakuwa swali kwao.

Halafu kuna hili la "wewe si mwajiriwa wetu". Unaendesha lori lao, nembo yao, ratiba yao, ukiumia tu unaonyeshwa mkataba unaosema wewe ni mkandarasi huru. Mahakama ya juu ya California mwaka 2018 ilisikiliza kesi ya madereva wa kampuni ya kusambaza vifurushi, Dynamex, ikasema kwenye mambo ya mishahara na masaa mtu anahesabiwa mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe vitu vitatu, kwamba haimwongozi kazi, kwamba anachofanya kiko nje ya biashara yake ya kawaida, na kwamba ana biashara yake mwenyewe ya kujitegemea kweli. Hebu fikirini hicho cha pili, kampuni ya usafirishaji iseme kuendesha lori kuko nje ya biashara yake! Sehemu nyingine kipimo ni tofauti, lakini karibu kote wanaangalia hali halisi kuliko kichwa cha mkataba. Tunzeni meseji za kuelekezwa pa kwenda na saa ya kufika.

Dai likikataliwa usiichane barua. Iangalie tarehe, manake muda wa kukata rufaa unaanza hapo, kisha dai sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni daktari wao kasema umepona, basi tafuta daktari mwingine aliyeona vipimo vilevile. Usisaini karatasi ya malipo ya mwisho wakati bado unatibiwa, hata kama wanakuonyesha hela taslimu, na najua hela taslimu ikiwa mezani na watoto hawajalipiwa ada maneno yangu yanakuwa mepesi. Ukipewa kazi nyepesi, ifanye ndani ya mipaka aliyoandika daktari. Na picha za mtandaoni acheni kwanza, tulikuwa tunazipitia kila asubuhi na chai.

Swali la mwisho, mama pale. ... Mume wake kaumia bega wiki 3 zilizopita, hajamwambia mtu, je kachelewa? Mama, kachelewa lakini pengine hajafungiwa. Hata ile sheria ya Uingereza ya 1897 ilidai taarifa itolewe mapema iwezekanavyo, halafu ikaacha mlango kwa mwenye sababu ya maana, na kwa pale ambapo kuchelewa hakujamwumiza mwajiri kwenye utetezi wake. Sheria nyingi za leo zina mlango kama huo. Aandike leo, na aseme kwa nini hakuandika siku ileile, kama alidhani ni msuli utapoa aseme hivyohivyo. Yuko hapa? Yuko nje kwenye lori? Mwiteni, karatasi zipo hapa mezani, aje aanze na tarehe na saa.