Umefikia Wapi: Mazungumzo Kuhusu Vitabu Tulivyo Navyo Mkononi

Kamwene jamani. Nyie mliosimama mlangoni ingieni ndani, viti vipo huku mbele, baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba siyo ya kusimama nayo mlangoni. Nashukuru sana kwa kunialika, ndaga fijo. Nimetoka Iringa jana asubuhi na basi, na nilikuwa nimejaza kurasa kibao za daftari kuja kuwaambia faida za kusoma, lakini kuna jambo lilinitokea humo njiani nikaona daftari likae, nizungumze hili.

Mi sasa hivi nasoma Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, yule aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, Kiswahili chake kimekuja 2022, kazi ya Ida Hadjivayanis, yani miaka 28 kitabu kinachoongelea pwani yetu na bara yetu kilikuwa kinasomwa Uingereza na sisi huku tunakisikia kwa jina tu. Hilo linaniuma lakini si la leo. La leo ni kwamba sijakimaliza. Msafara nimeuacha huko bara, wamefika kwenye mji wa mtemi mmoja anaitwa Chatu, mambo yameanza kuharibika, na mi nimeishia hapo. Na nimekuja kukiongelea nikiwa hapo hapo, makusudi kabisa.

Sasa njiani. Tumeshapita Mafinga, misitu ya Sao Hill tumeiacha nyuma, nimefungua kitabu nasoma. Makambako akapanda mama mmoja ana mtoto mgongoni akakaa pembeni yangu, akaniangalia nasoma weee, alafu akaniuliza, dada samahani, hicho kinahusu nini? Nikamwambia kuna mtoto wa miaka kumi na miwili anaitwa Yusuf, baba yake ana kahoteli, kuna tajiri anaitwa Aziz huwa anapita kwao na misafara yake na mtoto amezoea kumhesabu kama ndugu wa ukoo. Siku moja anaambiwa atasafiri na huyo tajiri, anafurahi, anapanda treni, na akishafika dukani kwa tajiri ndo kijana mwenzake anaitwa Khalil anamfungua macho kwamba yule si ndugu yako, baba yako ana deni na wewe ndo rehani. Yule mama akanyamaza kidogo. Alafu akasema, mdogo wangu aliondoka hivo hivo. Alikuja mtu na gari akasema ni shangazi, Dar es Salaam kuna shule, akaenda akawa dada wa kazi.

Jamani nyie ni watu wa huku, hamhitaji nielezee. Wasichana wetu wa Iringa na Njombe wameondoka hivo miaka na miaka, na nguo moja kwenye mfuko wa rambo. Mi hicho kitabu nimekisoma zaidi ya nusu nikiwa nawaza Wajerumani, misafara, biashara ya vipusa, mambo ya historia, sikuwahi hata mara moja kumuwaza binti wa kijijini kwetu. Na hapo yule mama wa kwenye basi hajamaliza, akaniuliza tena, mama yake Yusuf alikuwa wapi? Nikataka kujibu nikakosa jibu, manake mama yupo, yupo pale nyumbani tangu mwanzo, ila mi hasira zangu zote nilizimwaga kwa baba hata sikumwangalia mama. Ikabidi nirudi kurasa za mwanzo, basi linapita Igawa, Chimala, mi natafuta mama yake Yusuf kafanya nini siku ile, na yule mama kainamisha kichwa ananisikiliza namsomea kwa sauti ya chini. Tumefika Uyole akashuka. Hata jina sikumuuliza na hilo limenikaa rohoni mpaka sasa.

Fikirieni kama ningemjibu kama tunavyojibu siku zote, kwamba bado sijamaliza, nikimaliza ndo naweza kusema. Ningekuwa nimepoteza kitu ambacho hakirudi. Manake nikishamaliza kitabu mi siko tena kwenye lile swali, nimeshajua kilichompata Yusuf, na kila nitakachosema kitakuwa kimeshapindishwa na ule mwisho. Maoni ya katikati yana hofu ndani yake, una wasiwasi na mtu, unamtakia mema, unakisia, unakasirika na hujui kama hasira yako ni ya haki. Ukishamaliza hayo yote yanapoa, na mtu ukimuuliza anakwambia kizuri tu, nilikipenda.

Mi nadhani tumefundishwa kunyamaza. Waliosoma Kiswahili sekondari wanakumbuka, fani na maudhui, dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, mhusika bapa, mhusika duara. Mi mwenyewe nafundisha hayo hayo na siyakatai, yanasaidia kuona kitabu kimejengwaje. Lakini mtoto anayakuta yameshajibiwa kwenye vile vijitabu vya uchambuzi, anakariri, anaingia kwenye mtihani anajibu bila kukigusa kitabu chenyewe, na akiwa mtu mzima ukimuuliza unasoma nini anaona kama umempa swali la mtihani. Kwa hiyo anaficha. Nina rafiki amekaa na riwaya kwenye mkoba miezi mitatu hataki mtu aione kwa sababu anaogopa kuulizwa inafundisha nini.

Nikiwa sekondari nilikuwa nasoma Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ilitoka 1971, kuna kipindi haikuruhusiwa mashuleni, baadaye ikaja kusomwa mpaka darasani. Nimefika pale Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, nikafunga kitabu nikamwambia mwenzangu wa bwenini, huyu baba anaogopa. Sikusema mkali, nilisema anaogopa, nilikuwa namuona kabisa ni mtu anayepiga kwa sababu hana kingine anachojua kufanya na hofu yake. Ukaja mtihani nikaandika hivo hivo. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika pembeni, maoni yako hayajaulizwa. Jibu lilikuwa malezi mabaya. Na ni kweli malezi ni dhamira kubwa mle ndani, mwalimu hakukosea, lakini kuanzia siku ile mpaka nimeajiriwa sikumwambia mtu yeyote tena ninachofikiria juu ya kitabu chochote. Miaka mingi ile. Leo nina binti wa kidato cha pili na nikisikia sauti yangu imepanda juu ya simu yake huwa namkumbuka Zakaria, na neno linalonijia ni lile lile, anaogopa.

Sasa kule Iringa tumeanzisha kakikundi, tuko saba, tunakutana Jumamosi jioni Kihesa kwenye uwanja wa nyumba ya mmoja wetu, kuna muuguzi, fundi cherehani, vijana wawili wa bodaboda, mzee mmoja mstaafu, jirani yangu na mimi. Kila mtu na kitabu chake. Hatusomi kitabu kimoja kwa sababu vitabu ni ghali na kopi saba za kitabu kimoja tungezitoa wapi, lakini nimekuja kuona ni bora hivo. Chai ya tangawizi ikishamiminwa tunazunguka, na swali ni moja, umefikia wapi? Mtu anasema alipo, anasema kitu kimoja tu kilichomkera au kumgusa tangu Jumamosi iliyopita, na anasema anadhani nini kitatokea. Kama yupo aliyekwisha kukisoma kile kitabu anakaa kimya, kumalizia mtu kitabu chake ni marufuku, tulishagombana kweli kwa ajili hiyo. Na ruhusa kubadilika, wiki hii unamchukia mtu wiki ijayo unamtetea, hakuna wa kukukumbusha ulisema nini. Fundi anasoma kurasa mbili kwa siku, kati ya nguo na nguo, na maoni yake ndo huwa marefu kuliko ya wote kwa sababu anashinda na hizo kurasa mbili kichwani huku mguu uko kwenye cherehani.

Lakini aliyenibadilisha ni yule mzee. Ni mwenyeji wa Kalenga, na alikuwa anasoma kitabu cha historia ya Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Jumamosi ya kwanza akasema niko Lugalo, yani ile vita ya tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipokiangusha kikosi cha Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafa hapo. Alikuwa na furaha kama ya mtu aliyetoka kupigana. Jumamosi iliyofuata, niko Oktoba 1894, mizinga imefika Kalenga, kwenye ngome ya Mkwawa. Ya tatu tukamuuliza, mzee umefikia wapi? Oktoba 1894. Ya nne, Oktoba 1894. Sisi wote tunajua mbele kuna nini, hakuna mtu wa Iringa asiyejua kwamba Mkwawa alijipiga risasi 1898 asikamatwe hai na fuvu lake likapelekwa Ujerumani likaja kurudi 1954. Kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza kwa upole, mzee, mbona huvuki?

Akasema nimerudi Lugalo. Nilipita haraka kwa furaha sikuona kitu. Mle ndani Wajerumani waliokufa wametajwa kwa majina na vyeo, Wahehe waliokufa ni idadi. Alafu akasema bibi yake alikuwa akiwataja baadhi yao kwa majina, na yeye alikuwa mtoto hakuyashika. Kwa hiyo siyo kwamba naogopa mwisho, nakaa hapa najaribu kukumbuka hata jina moja.

Hakuna aliyeongea. Chai ikapoa. Nawauliza nyie, hayo maoni angeyatoa mtu aliyekimaliza kitabu akakirudisha kabatini? Angesema kitabu kizuri, kina historia yetu, tumshukuru mwandishi. Mzee alikwama katikati, na kule kukwama kwake ndo kulituonyesha shimo ambalo mwandishi hakuliona, au aliliona akapita. Tangu siku ile muuguzi wetu ameanza kuandika majina anayoyasikia kwa wazee wa kwao, na hajawahi kushika kitabu cha historia huyo, alikuwa anasoma riwaya za upelelezi.

Mi huwa naandika tarehe na penseli pembeni pale ninapoishia, na neno moja au mawili, kama kitabu ni changu, cha kuazima maktaba usikiandike, weka kikaratasi. Kwenye Peponi, juzi usiku kabla ya safari niliandika "baba!!" na alama mbili za mshangao. Jana pale karibu na Uyole nimeandika chini yake "mama?" Sijui kesho nitaandika nini, na wale mliokisoma nawaomba sana tena sana, mkinikuta hapo nje msinimalizie.

Naona muda wangu unakwisha na sitaki niumalize peke yangu. Dada pale nyuma mwenye kitenge cha bluu, tangu naanza naona kitabu kimechomoza kwenye mkoba wako, na kuna tiketi ya daladala umechomeka katikati. Pokea maiki. Umefikia wapi?