Kabla Hujaipiga Windows Upya

Karibuni tena. Hapa mezani pana laptopu inayowaka bila shida, na ubavuni mwake monita inayodai haipokei picha. Nifanyeje? Nasikia sauti kule nyuma: "Piga Windows upya!" Ndugu yangu, huko ni kubomoa nyumba kumtafuta panya. Laptopu na monita mara nyingi ni wazima, tatizo liko kwa anayepeleka ujumbe. Najua mjumbe hauawi, lakini huyu tumpekue kwanza.

Kabla ya waya, gusa vitufe vya monita. HDMI na DisplayPort ni njia mbili tofauti za kupitishia picha: kama umechomeka HDMI na menyu imeelekezwa DisplayPort, utakodoa macho hadi jogoo awike. Kisha bonyeza Windows na P kwa pamoja. Ikiwa imechaguliwa skrini ya kompyuta peke yake, monita mnaionea bure.

Sasa tuje kwenye USB-C, lile tundu dogo lisilo na juu wala chini, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Nimeshika nyaya mbili. Nani ataniambia zinatofautiana nini? Kimya. Hata mimi nimeifunga hii uzi mwekundu nisijichanganye. Ilikuja na chaja ya simu: inapitisha umeme, na data kwa kasi ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde, lakini nyuzi za kubebea picha hazimo ndani. Mwenzake anazo. Nauchomoa huu, nachomeka ule... mnaona? Picha hiyo. Ila msishangilie mapema, kwa sababu si kila tundu la USB-C linatoa picha. Tazama kando ya tundu kama pana alama ya DP, yaani DisplayPort, au ya radi yenye kishale. Isipokuwepo, soma maelezo ya modeli yako. Adapta ya kawaida haiwezi kutoa picha ambayo tundu lenyewe halina.

Picha ikija lakini kipanya kinajikokota kwenye skrini ya 4K, ile yenye nukta nyingi mno, angalia hezi, yaani picha inaburudishwa mara ngapi kwa sekunde. Toleo la zamani, HDMI 1.4, linaishia 30 hapo. Kwa 60 unahitaji HDMI 2.0, kompyuta, waya na monita vyote.

Kwenye kibodi nitaanza na aibu yangu. Siku moja nilikuwa nawaza huku kidole kimelalia Shift ya kulia. Baada ya sekunde nane ukalia mlio, kikatokea kidirisha, nami nikabofya Ndiyo bila kusoma. Kuanzia hapo kila herufi niliyoigusa haraka ilipotea. Nilinunua kibodi mpya, nayo ikawa vilevile! Kumbe nilikuwa nimewasha kichujio cha vitufe (Filter Keys), kinachopuuza mguso mfupi. Kukizima kwenye mipangilio hakuchukui hata dakika.

Dada, umeuliza kwa nini kibodi yako isiyo na waya inaruka herufi kila ukichomeka diski ya nje. Swali zuri. Kipokezi chako, kile kidude cha USB kinachonasa kibodi, kinatumia masafa ya gigahezi 2.4, na USB 3.0, njia ya kasi inayotumiwa na diski kama yako, ikifanya kazi hutoa kelele za redio zinazoingia humohumo. Intel walichapisha waraka kuhusu jambo hilo mwaka 2012. Kihamishie kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kiweke kwenye waya wa kurefushia USB kikae jirani na kibodi. Diski umekuja nayo? Haya, ilete hapa mbele tujaribu.