Mpaka ni wa Wawili

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, ndugu zangu wafasiri, na ninyi vijana wa sheria mliojibana kule nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa niseme juu ya maneno tunayotumia kutaja pale kitu kinapofika kisipite. Yako mengi: mpaka, kikomo, ukomo, mwisho, upeo, hadi, kiwango. Ukifungua kamusi utakuta moja linafafanuliwa kwa jingine, kana kwamba yote yamezaliwa tumbo moja. Mimi nasema mawili kati yao, mpaka na kikomo, hata ujirani hayana.

Tuanze na mpaka. Kitenzi chake tunakisema kila siku, kupakana. Sikilizeni hiyo *-na* ya mwisho, ndiyo ile ya kupigana na kusalimiana. Huwezi kupakana peke yako. Chukueni karatasi yoyote ya mauziano ya shamba kijijini, ile iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa serikali ya kijiji. Ukubwa wa shamba mara nyingi umekadiriwa tu kwa hatua za miguu. Lakini pande nne hazikosi: kaskazini linapakana na shamba la fulani, kusini na korongo, mashariki na barabara, magharibi na fulani mwingine. Na hao mafulani huitwa siku hiyo, wasimame pale, waone jiwe likichimbiwa au minyaa ikipandwa. Uchagani hupandwa masale. Na mnajua sale lile lile ndilo mtu hulishika anapokwenda kuomba radhi kwa aliyemkosea. Mmea unaotenga viwanja vya watu ndio unaowapatanisha.

Hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 2, inapotaja eneo la nchi inasema ni pamoja na sehemu ya bahari ambayo Tanzania inapakana nayo. Bahari nayo imefanywa jirani.

Sasa kikomo. Hiki kimetoka kwenye kukoma, na kukoma ni jambo la kitu chenyewe. Nguvu zangu zina kikomo, mkopo una kikomo, pesa unayoweza kutuma kwa simu kwa siku moja ina kikomo. Ng'ambo ya kikomo hakuna mtu anayekungoja. Kitu kimeishia hapo, basi.

Mtaniuliza, tofauti hiyo inatusaidia nini? Inatusaidia tunapomsikia mkubwa akisema jukwaani, “Uhuru una mipaka yake.” Hatukatai. Ila kwa Kiswahili chetu, ukishasema mipaka umeshakiri kwamba upande wa pili kuna mtu, na tuna haki ya kuuliza ni nani. Ibara ya 30 ya Katiba inajitahidi kujibu: usitumie haki zako ukaingilia haki na uhuru wa wengine, au maslahi ya umma. Hao wengine ninawaona, ni majirani. Maslahi ya umma ndiyo jirani mwenye matata, maana hajulikani anaishi nyumba gani, na kila anayeshika madaraka hudai ametumwa naye. Msemaji asiyeweza kumtaja jirani aseme wazi kwamba anaweka kikomo. Tutamwelewa, na tutabishana naye kwa jina sahihi.

Ziwa Nyasa linaonyesha jambo hili vizuri. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 uliuweka mpaka kwenye ufuko wa mashariki. Malawi imesimama hapo. Tanzania inasema mstari upite katikati ya maji. Tukiufuata mkataba ule kama ulivyoandikwa, mama wa Mbamba Bay anayechota ndoo ya maji ameshatia mguu nchi ya watu. Waliotia saini walikuwa wawili, ndiyo, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akivua samaki pale. Wanaopakana hasa hawakuitwa kuona jiwe likichimbiwa.

Nipite haraka kwenye vihusishi. Mpaka tumelifanya pia neno la safari na la muda: toka Dodoma mpaka Singida, amenichosha mpaka basi. Hadi, la Kiarabu, linafanya kazi hiyo hiyo. Na neno “hata” nalo lilikuwa kundini humo. Biblia ya Union Version bado inasema “hata ukamilifu wa dahari,” na msomaji wa leo hujikwaa, maana kwetu “hata” limeshahamia kazi nyingine. Kwa ninyi mnaoandika matangazo ya ofisi: “maombi yatapokelewa mpaka tarehe 30” huzua ugomvi dirishani, kwa sababu tarehe 30 yenyewe haijulikani imo au haimo. Andikeni “mwisho ni tarehe 30, saa tisa na nusu alasiri.” Mwisho halina mjadala. Dereva wa basi naye hana haja na neno lolote kati ya haya. Yeye husema “hapa hamsini,” akapunguza mwendo, kwa sababu ya tochi ya trafiki inayopima mwendo.

Nimalizie kwa ukomo, ambalo siku hizi limekuwa neno la siasa: ukomo wa urais. Ibara ya 40 inaanza kwa ukarimu, kwamba aliye Rais aweza kuchaguliwa tena, halafu ndipo inakuja na sharti la mara mbili. Ukomo huu hauna jirani. Ni muda tu unaokatika, na ndiyo maana hausogezwi usiku kama jiwe la shamba. Kuuondoa ni lazima uiguse sheria mchana kweupe.

Lakini mpaka na ukomo hukutana pahali pamoja, na vijana wa sheria wanapajua: sheria ya ukomo wa muda, Sura ya 89, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua madai. Madai ya ardhi yana miaka 12. Jirani akisogeza masale mbele ya macho yako, ukanyamaza kwa kuogopa kuvunja ujirani, ule mpaka wa watu wawili unaanza kuhesabiwa miaka. Ikipita 12, utakwenda baraza la ardhi na mashahidi wako wote wa pande nne, na swali la kwanza litakuwa: ulikuwa wapi?

Karibuni maswali.