Kava ya Milimita 25

Mkuu wa Ndaki, wahadhiri wenzangu, mafundi sanifu wa maabara ambao kila mara tunasahau kuwataja, na ninyi vijana wa mwaka wa nne, habari za mchana. Najua wengine hamjala, kwa hiyo sitawaweka sana.

Nimepewa mada yenye jina refu: matokeo ya kujifunza yanayotarajiwa kwa mhitimu wa shahada ya uhandisi. Kwa lugha ya nyumbani swali ni hili: siku ukivua joho, unaweza kufanya nini? Sikuulizi ulifundishwa nini. Kufundishwa, hata aliyelala kiti cha nyuma kafundishwa.

Zamani ithibati ya shahada, yaani kuthibitisha kwamba shahada inafaa, ilikuwa kazi ya kuhesabu. Saa ngapi za hisabati, maabara ngapi, vitabu vingapi maktabani. Kule Marekani bodi yao ya ithibati, ABET, iliachana na mtindo huo mwaka 1997 ikaanza kuuliza mhitimu anaweza nini. Waliandika mambo 11, na miaka ya karibuni wakayapunguza yakawa 7. Kabla ya hapo, mwaka 1989, vyombo vya nchi sita vilishatia saini Mkataba wa Washington wa kutambuliana shahada, na Afrika Kusini ikaingia mwaka 1999. Historia inatosha.

Yachukueni yale saba. Ya hesabu, usanifu na majaribio ni matatu tu. Manne yaliyobaki ni kuwasiliana na watu wa aina mbalimbali, kubeba wajibu wa kimaadili, kufanya kazi na wenzako, na kujifunza jambo jipya bila mwalimu. Haya manne wanafunzi wangu huyaita "ya kujazia fomu". Na sisi wahadhiri, tuseme ukweli, huwa tunayajaza hivyo hivyo.

Sasa twende Kansas City, Marekani, Julai 1981. Hoteli ya Hyatt Regency ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ifunguliwe. Ukumbi wake wa chini ulikuwa mpana, na juu yake vimening'inia vijia vya kuvukia, kimoja usawa wa ghorofa ya pili, kingine juu yake usawa wa ya nne. Jioni ya tarehe 17 watu walikuwa kwenye dansi. Vijia hivyo viwili vikaanguka. Watu 114 walikufa.

Wewe mwenye shati la bluu, simama. Na jirani yako. Fikirieni kamba moja inatoka darini, nyote wawili mmeishika, mmoja juu, mmoja chini. Kila mmoja mikono yake inabeba uzito wake mwenyewe, sivyo? Sasa wa chini aachie kamba, ashike miguu ya wa juu. Kamba inabeba mzigo uleule. Lakini mikono ya wa juu? Ndiyo, watu wawili. Kaeni, asanteni.

Ndicho kilichotokea. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazopita vijia vyote viwili. Waliotengeneza vyuma waliona usumbufu, kwa sababu fimbo nzima ingebidi ikatwe hesi, ile mifereji ya skrubu, ili nati ipande hadi ghorofa ya nne. Wakapendekeza fimbo mbili fupi: moja kutoka darini hadi kijia cha juu, nyingine kutoka kijia cha juu hadi cha chini. Nati ya kijia cha juu ikajikuta inabeba viwili. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa awali ulifikia asilimia 60 tu ya uwezo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule.

Hesabu ya kugundua kosa hilo ni ya mwaka wa kwanza. Shati la bluu hapa kaijibu bila kalamu. Wale walikuwa wahandisi wenye leseni, hesabu walikuwa nazo. Ila mabadiliko, kwa maelezo ya waliotengeneza vyuma, yaliombwa kwa simu na kukubaliwa kwa simu. Wahandisi wakasema hakuna simu ya namna hiyo. Michoro ya karakana ya vyuma ikapita ofisini kwa wahandisi, ikagongwa muhuri, na kiungo kile hakuna aliyekaa nacho akakipigia hesabu. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni. Tazameni ni kipi kilikosekana katika yale saba. Ni kimojawapo cha "vya kujazia".

Nisiwaseme Wamarekani tu. Nilipokuwa kijana, katika mradi ambao sitautaja, nilikuwa nasimamia kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege. Nondo zake zilitakiwa zifunikwe na zege la unene wa milimita 25; unene huo sisi tunauita kava. Nikamwambia msimamizi wa mafundi, kwa sauti ya mtu aliyehitimu: "Hakikisheni kava ni 25." Akaitikia, "Sawa, injinia." Nikaondoka. Kurudi kesho yake nikakuta zege limefunikwa nailoni vizuri kabisa, kingo zimewekewa mawe. Nikawasifu. Tulipovua mbao baada ya wiki kadhaa, chini ya jamvi nondo zilikuwa zinanichungulia. Hapakuwekwa biskuti hata moja, vile vipande vidogo vya kuinua nondo zisilalie mbao. Nikafoka. Yule mzee akanitazama kwa upole, akasema, "Injinia, ulisema kava. Tumefunika."

Mnacheka, na mimi nacheka sasa. Lakini jengo lile lipo karibu na bahari. Upepo wa chumvi ukiifikia nondo, inashika kutu, kutu inavimba, zege linabanduka. Milimita 25 zile ndizo koti lake. Na nilijua yote hayo, nilikuwa nimeyajibia mtihani, kwa Kiingereza kizuri.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na namna tunavyopima. Tunasema mhitimu wetu anaweza kuwasiliana na watu wa aina mbalimbali, halafu ushahidi wetu ni slaidi 20 mbele ya maprofesa watatu, wote wasomi wa fani moja. Hiyo aina mbalimbali iko wapi? Bodi ya Usajili wa Wahandisi hapa Tanzania imekuwa na mpango wa SEAP tangu mwaka 2003, miaka mitatu ya kumlea mhitimu kazini. Mpango mzuri, nauunga mkono. Lakini usitufanye sisi chuoni tuseme "atayakuta hukohuko".

Mwaka jana nilijaribu kitu, bila kuomba ruhusa sana. Kwenye utetezi wa miradi nilimwalika fundi mmoja wa zege, mtu wa miaka mingi kazini, akae mezani pamoja nasi. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa hodari kweli, alama zake zote za juu. Alieleza mchanganyiko wake wa zege dakika kumi na tano, grafu zimepangika. Fundi akasubiri amalize, akauliza: "Mwanangu, na mvua ikitukuta tumefika nusu ya jamvi, tunakomea wapi?"

Kijana akarudi kwenye slaidi ya 4. Akaenda ya 11. Akarudi ya 4.

Karibuni kwa maswali.