Mkongo: mbegu za mti mmoja hazitoshi

Karibuni tena kitaluni, hapa Pugu. Leo tunaotesha mkongo, ambao wengi wa pwani mnauita mbambakofi. Mafundi wa mbao wanaujua vizuri, na kujulikana huko ndiko kulikouponza. Umekatwa mno, mpaka mwaka 2022 mikongo ya Afrika ikaingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Kabla hatujashika udongo, niwape kosa langu. Nilipoanza kazi hii, mbegu zangu zote nilizitoa kwenye mkongo mmoja uliobaki peke yake uwanjani kwa jirani. Ulikuwa karibu, na hauna mwenyewe mkali! Mbegu nyingi hazikuota. Zilizoota, miche ikadumaa, majani ya njano, na samadi nilikuwa nimeweka ya kutosha. Mti ulio mbali na wenzake mara nyingi hujichavusha wenyewe, au huchavushwa na ndugu yake. Hapo vinasaba vibovu vilivyojificha kwa mama na baba vinakutana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta miti mama. Lenga isipungue 25, na kutoka mmoja hadi mwingine acha kama mita 100, kwa sababu iliyosogeleana inaweza kuwa imezaliwa na mama mmoja. Ikiwa unaingia msitu wa hifadhi, kama huu wa Pugu na Kazimzumbwi hapo juu, pitia kwanza TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, upate kibali. Usiruke uzio, tafadhali.

(Na wanaonitumia ujumbe kuuliza kama mvule mmoja unatosha kutoa mbegu: mvule una dume na jike, kila mmoja mti wake. Jike likibaki bila dume la kulichavusha, usitegemee mbegu za maana.)

Nenda kiangazi, maganda yakishakuwa magumu ya kahawia na kuanza kupasuka. Chukua idadi ileile kila mti. Mimi nachukua mbegu 20 tu, hata mti uwe umezaa vipi, maana ukijaza gunia kwenye ule uliozaa sana umerudi palepale pa mti mmoja. Zinazobaki waachie hondohondo, wao ndio wapandaji wenzetu. Kila mti na bahasha yake ya kaki: andika M1, M2, mpaka mwisho.

Sasa sogeza kamera. Mnaiona? Mbegu nyeusi, inang'aa kama imepakwa mafuta, na huku chini imevaa kikofia chekundu. Hicho kikofia ndicho anachokifuata hondohondo. Kitoe chote kwa kucha, kikibaki kinaita ukungu na sisimizi. Halafu chukua kikata kucha, ukate ganda kidogo upande wa pili, mbali na kilipokuwa kikofia, kwa sababu mzizi unatokea upande wa kikofia. Ukiona weupe, simama. Loweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida.

Asubuhi zitakuwa zimevimba. Kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, kiwe kirefu, mkongo unashusha mzizi haraka. Fukia kina cha sentimita mbili au tatu, mwagilia, weka kivulini. Wiki ya pili hivi utaanza kuona udongo unapasuka.

Panga viriba kwa mistari, kila mstari mama yake, na kibao chenye namba mbele. Usiing'oe miche mifupi mapema ukabakiza mirefu tu, unaweza kujikuta umefuta mama watano bila kujua.

Mteja akija kutaka miche kumi, usimpe kumi ya mstari mmoja. Chukua mmoja M1, mmoja M4, mmoja M9, hivyohivyo. Jana dada mmoja kutoka Kigamboni aliniuliza mbona nazungukazunguka na miche yote iko sawa. Nikamwambia subiri ikue, siku ikitoa maua iwe na mgeni wa kuchavushana naye.